Sheria ya makazi ya Marekani: haki ilitangulia, meno yakachelewa

Mimi ni wakili wa wapangaji hapa Marekani, na wateja wangu wengi ni familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili. Huniuliza: tangu lini imekuwa kosa mwenye nyumba kumkataa mtu kwa rangi yake au kwa alikotoka? Jibu la haraka ni tarehe 11 Aprili 1968, siku iliposainiwa sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi. Lakini haki yenyewe ilikuwa imeandikwa miaka 102 kabla ya hapo.

Mwaka 1866, utumwa ulipokwisha kukomeshwa, Bunge liliwapa raia wote haki ileile waliyokuwa nayo Wazungu ya kununua, kupanga na kuuza nyumba na ardhi. Sheria ilikuwa wazi, ila msimamizi hakuwepo. Miji ikaanza kugawa mitaa kwa rangi. Mahakama ya Juu ilipokataza hilo mwaka 1917, katika kesi ya Louisville, wabaguzi wakahamia kwenye makaratasi: majirani walisaini makubaliano kwamba nyumba zao zisiuzwe kwa watu Weusi, na anayekiuka ashitakiwe.

Nyumba namba 4600, Labadie Avenue, jijini St. Louis, ilikuwa chini ya makubaliano hayo tangu 1911. Familia ya Shelley, Waamerika Weusi, waliinunua mwaka 1945 bila kuyajua. Familia ya Kraemer, iliyomiliki nyumba nyingine chini ya makubaliano hayohayo, ikaenda mahakamani kutaka watolewe. Mwaka 1948 majaji sita wa Mahakama ya Juu, wenzao watatu wakiwa wamejiondoa, waliamua kwa kauli moja kwamba mahakama za serikali haziwezi kutumika kutekeleza makubaliano ya namna hiyo. Kuyasaini, hata hivyo, hakukukatazwa. Na serikali yenyewe, tangu miaka ya 1930, ilikuwa imechora ramani zilizopaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, alama ya mahali pa hatari kukopesha.

Wengi husema sheria ya 1968 ililetwa na kifo cha Martin Luther King. Mimi naona kauli hiyo inawadhulumu walioitolea jasho. Mjini Milwaukee, diwani Vel Phillips alipeleka hoja ya kukataza ubaguzi wa makazi mara nne kuanzia 1962, na kila mara kura ya ndiyo ilikuwa yake peke yake. Kuanzia Agosti 1967 vijana wa mji huo, pamoja na padri James Groppi, waliandamana usiku 200 mfululizo. Seneti ilipitisha muswada tarehe 11 Machi 1968, King akiwa hai. Aliuawa tarehe 4 Aprili. Baraza la Wawakilishi likapitisha tarehe 10, na kesho yake Rais Johnson akasaini.

Kura za Seneti zilipatikana kwa gharama kubwa. Ili kumridhisha Everett Dirksen, kiongozi wa Republican, utekelezaji ulinyofolewa: wizara ya makazi iliruhusiwa kusuluhisha tu, na fidia ya adhabu, yaani ile ya kumkomesha mbaguzi, isizidi dola 1,000 mahakamani. Mwenye majengo makubwa angeweza kulipa na kuendelea kubagua.

Meno yalikuja mwaka 1988. Kikomo hicho kiliondolewa, majaji wa wizara wakapewa uwezo wa kutoza faini, na ulinzi ukaongezwa kwa watu wenye ulemavu na familia zenye watoto. Kipengele hiki cha mwisho ndicho ninachokitumia zaidi. Mama mwenye watoto wanne akiambiwa "jengo hili ni la watu wazima," wakati si makazi ya wazee yanayotambuliwa na sheria, hapo ana kesi.

Tatizo ni ushahidi, kwa sababu hakuna dalali anayesema "simtaki Mwafrika". Husema nyumba imeshapangishwa. Hapo hutumwa wapimaji wawili, Mweusi na Mzungu wenye kipato sawa, kuulizia nyumba ileile. Katika kesi ya Havens, kampuni ya nyumba, ya mwaka 1982, kutoka viunga vya Richmond, Virginia, Mahakama ya Juu ilisema mpimaji Mweusi aliyedanganywa ana haki ya kushitaki hata kama hakukusudia kuhamia, maana sheria inampa haki ya kuambiwa ukweli.

Ukikataliwa, andika siku, saa na jina la aliyekujibu, na usifute ujumbe wowote kwenye simu. Malalamiko wizarani hupokelewa ndani ya mwaka 1. Mahakamani, ndani ya miaka 2.