Nani hulipa gharama ya kusafisha ardhi yenye sumu? Dhana potofu na ukweli

Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu za magari ili kutoa madini ya risasi kilifanya kazi kwa miaka kadhaa hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi wake ulitua juu ya mapaa ya nyumba za jirani, na maji yake machafu yakatiririka hadi walikoishi watu. Kesi iliyotokana na madhara hayo inafaa kusomwa na kila anayeishi karibu na kiwanda, kwa sababu inapingana na mambo mengi ambayo watu wameyakubali bila kuyahoji.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kiwanda kikishafunga milango, deni lake nalo limekwisha. Risasi haiozi. Hubaki kwenye tabaka la juu la udongo, pale pale mtoto anapochezea vumbi kisha akatia kidole mdomoni, na wajibu wa kisheria hubaki pamoja nayo. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe alidhuriwa na sumu ya madini hayo, alifungua kesi pamoja na wakazi wenzake mwaka 2016, wakati tanuri zilikuwa zimezimwa tayari. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa ushindi.

Wengine husema kwamba mwenye kibali cha serikali hawezi kushtakiwa, na kwamba serikali yenyewe haiguswi kwa kuwa haikumwaga sumu. Hapa ndipo hukumu ya Mombasa ina uzito mkubwa zaidi. Kanuni ya mchafuzi hulipa, iliyomo katika sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999, haikumkinga mwenye kiwanda kwa sababu tu alikuwa na karatasi mkononi. Wala mahakama haikuishia kwake. Iligawa dhima kati ya wenye kiwanda na vyombo vya umma vilivyotoa vibali au vilivyozembea kusimamia, ikiwemo mamlaka ya mazingira, NEMA, pamoja na wizara husika. Kwa maoni yangu huu ni uamuzi wa haki, kwa sababu ofisa anayeidhinisha tanuri la risasi kando ya makazi ya watu ameshiriki katika madhara yatakayofuata, hata kama hakuwahi kushika betri hata moja.

Ipo pia hofu kwamba asiye na cheti cha daktari hana kesi. Kudai fidia ya mwili wako huhitaji ushahidi wa madhara uliyopata, lakini kuiomba mahakama izuie uchafuzi ni jambo jingine: Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema wazi kwamba mwombaji halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia.

Kuhusu mauziano ya ardhi, wengi huamini kwamba muuzaji akiandika katika mkataba kuwa hatawajibika tena, amejinasua. Mfano wa kusikitisha uko Love Canal, mjini Niagara Falls, Marekani, ambako kampuni ya Hooker ilizika maelfu ya tani za taka za kemikali, kisha mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola 1, ikiweka kipengele cha kujiondolea lawama. Shule ilijengwa, nyumba zikafuata, na mwaka 1978 hali ya dharura ikatangazwa. Hata hivyo, mwaka 1995 kampuni iliyoirithi Hooker ilikubali kuilipa serikali kuu dola milioni 129. Sheria iliyopitishwa nchini humo mwaka 1980 humfikia hata mmiliki wa sasa ambaye hakumwaga chochote, isipokuwa kama anaangukia katika kinga chache zilizowekwa, mojawapo ikimtaka awe aliichunguza ardhi kabla ya kuinunua. Ndugu zetu wanaonunua viwanja, gereji au vituo vya zamani vya mafuta huko wasiupuuze uchunguzi huo.

Dhana ya mwisho ndiyo inayoumiza zaidi, nayo ni kuamini kwamba fidia ikishalipwa, ardhi imepona. Haya ni madeni mawili tofauti. Hukumu ya 2020 iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, na kando ya hizo ikawaamuru washtakiwa wasafishe udongo na maji ndani ya miezi 4, la sivyo watoe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa ilitengua tuzo ya fidia mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Katika miaka yote hiyo ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, fedha za fidia hata zingelipwa siku ya kwanza zisingeondoa risasi ardhini. Kinachoiondoa ni udongo wa juu kukwanguliwa na kupelekwa penye hifadhi salama, au kufunikwa kwa udongo safi au zege. Anayeandika madai ya aina hii aombe amri ya usafishaji kando na fidia, yenye muda maalumu na kiasi cha fedha kitakacholipwa endapo amri itapuuzwa.