Tathmini ya hatari za kazini kwa mjamzito ni nini?

Ni kazi ya mwajiri: kukagua shughuli anazofanya mfanyakazi, kutafuta kinachoweza kumdhuru yeye au mtoto aliye tumboni, kisha kubadilisha kinachobadilika. Kinachopimwa ni kazi. Kumpima mwanamke mkojo kabla ya kumwajiri si tathmini hata kidogo, ni ubaguzi.

Chukua mashamba ya maua yaliyo karibu na Ziwa Victoria, upande wa Entebbe na Mukono nchini Uganda. Msimamizi akisema "huyu hapulizi dawa, anachuma tu," bado hajakagua kitu. Mchumaji huingia bandani baada ya dawa kupuliziwa, na masalio yake yako kwenye majani anayoshika, kwenye nguo anazorudi nazo nyumbani, kwenye mikono atakayolia chakula. Kwa hiyo mkaguzi anauliza: lebo ya dawa inataka watu wakae nje saa ngapi? Saa hizo zinafuatwa hata oda ikibana? Banda lina joto kiasi gani, na anasimama muda gani bila kukaa? Choo kiko umbali gani? Swali la choo huchekwa, lakini mjamzito anayenyimwa ruhusa ya kutoka huacha kunywa maji, na hapo maambukizi ya njia ya mkojo hayako mbali.

Hospitalini maswali ni mengine: kunyanyua wagonjwa, zamu za usiku, dawa za saratani, eksirei. Kwenye mionzi, pendekezo la kimataifa ni kwamba tangu ujauzito utangazwe, mtoto asipokee zaidi ya takribani milisivati 1 (kizio cha kupimia mionzi) kwa muda uliobaki. Mama anayekausha samaki kwa moshi mwaloni, yaani ufukweni wanaposhushwa samaki, hana bosi wa kumkagulia, ingawa kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi ule, hupita hadi kwenye damu ya mtoto. Kwake yeye, jiko lenye bomba la kutolea moshi lina faida kuliko fomu yoyote.

Wengi hukosea wakati. Viungo vingi vya mtoto huumbika kati ya wiki ya 3 na ya 8, kipindi ambacho mama mwenyewe huenda hajajua. Kusubiri tumbo lionekane ni kuchelewa. Tathmini hufanywa mapema, popote wanawake wanapofanya kazi, na hurudiwa mmoja akitoa taarifa ya mimba, kisha tena akirudi na mtoto anayenyonya.

Hatari ikipatikana, hatua zina mpangilio: iondolewe, isipowezekana, kazi au saa zirekebishwe, isipowezekana, ahamishiwe kazi nyingine, mwisho kabisa, apumzishwe kwa malipo. Kufukuza hakumo. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 40, inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wa kike wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba, na inampa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Likizo hiyo, hata hivyo, haifuti miezi aliyokwisha kuvuta dawa.

Yote haya huvunjikia kwenye pesa. Anayelipwa kwa idadi ya maua, akiona mwenzake kahamishiwa kufagia kwa ujira mdogo, ataficha mimba yake mpaka ishindikane. Kwa hiyo malipo ya kazi mpya yaandikwe kwenye fomu ileile ya tathmini, yasiachiwe hiari ya msimamizi.