Njumu za milango ya Mji Mkongwe si za kuzuia tembo

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: picha ya mlango wa Zanzibar, na chini yake maneno kwamba njumu za shaba, yaani vile vichwa vya shaba vilivyochomoza mlangoni, ziliwekwa ili tembo wasivunje nyumba. Hata watembeza wageni wengine husimulia hivyo.

Unguja haina tembo wa porini. Kilichopo ni kumbukumbu ya mbali: huko India, malango ya ngome yalipigwa miiba ya chuma kwa sababu tembo wa vita walitumiwa kuyabomoa. Mtindo ulivuka bahari na biashara, ukafika Unguja ukiwa pambo la kuonyesha kwamba mwenye nyumba anajiweza. Hapo ndipo watu wanapochanganya, asili ya mtindo na kazi yake hapa.

Ukitaka kuhakiki, simama kwenye kichochoro chochote cha Mji Mkongwe. Baadhi ya vichochoro ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tembo angepita wapi? Kisha tazama mfaa, ule mti wa kati: umechongwa maua kwa ustadi, na njumu zimepangwa safu kwa safu kwa ajili ya macho.

Pita pia kwenye mitaa ya maduka. Milango ya zamani ya Kigujarati (mtindo wa Gujarat, India), yenye mbao za kukunja, si yote iliyopigwa njumu. Nayo ni historia ya mji huu ulio Urithi wa Dunia tangu 2000, ila hadithi ya tembo huifanya ionekane si kitu.

Ukiupata ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.