Samaki wa miamba ya Kigoma: kina, saa na msimu

Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kama bahari, lakini samaki wa miamba yake hubadilika ndani ya mita chache tu. Mimi ninayewahesabu nashikilia kwamba orodha isiyotaja kina, saa na msimu haifai kulinganishwa na nyingine.

Pale mawimbi yanapopiga, kwenye maji ya kina kifupi kabisa, yupo sikilidi (jamii kubwa ya samaki ziwani humu) mdogo wa jenasi Eretmodus, ambaye kibofu chake cha hewa kimepungua kiasi kwamba haelei, bali hutulia juu ya jiwe kwa mapezi ya tumboni na kurukaruka huku akikwangua mwani kwa meno bapa. Jike huatamia mayai kinywani kwanza, kisha humkabidhi dume makinda amalizie malezi, jambo ambalo kila nikiliona hunisimamisha kazi. Ukishuka mita chache humwoni tena.

Tropheus, sikilidi mwingine, naye hung'ang'ania mawe na huogopa kuvuka mchanga mtupu, hivyo fukwe ndefu za mchanga na midomo ya mito mikubwa kama Malagarasi humzuia, na rangi zake hutofautiana kutoka kipande kimoja cha pwani hadi kingine. Pale ambapo vilima vimekatwa miti, mvua hushusha tope linaloziba nyufa na kufunika mwani, na wenye kutegemea vyote viwili hupungua.

Usiku, sikilidi wengi hujificha na kambare wa jamii ya Synodontis hutoka mafichoni. Ziwa nalo hupanda baada ya masika na kushuka kiangazi. Mwaka 2021 lilipanda sana, likafunika mawe yaliyokuwa makavu, na ukanda wa Eretmodus ukasogea nalo.

Mabadiliko yanayonivutia zaidi ni ya Perissodus microlepis, mla magamba ya wenzake. Wengine wana kinywa kilichopinda kulia na hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, wengine kinyume chake. Mwaka 1993 mtafiti Mjapani Michio Hori alionyesha kwamba upande mmoja ukizidi, mawindo huulinda zaidi ubavu unaoshambuliwa, wale wachache wa upande mwingine wakashiba, wakazaana, na uwiano ukarudi tena kuizunguka nusu. Kwa hiyo ukihesabu mwaka mmoja tu, unaweza kudhani kwamba upande mmoja umeushinda mwingine.