Kipanya na kidume: maneno mawili yanayochanganywa
Mwezi huu ni mara ya tatu naulizwa neno la Kiingereza masculinize. Safari hii ni kijana wa jimu hapa Mombasa, kaniletea tangazo nimtafsirie, na hata kukaa hajakaa: "Mwalimu, hapo kwenye masculinize weka tu 'kutia misuli'. Si limetoka kwa muscle?"

Halijatoka huko, kaka.

Kilatini kina neno mus, yaani panya. Wakalitia udogo likawa musculus, kipanya, na jina hilo wakaupa msuli. Wasemavyo wengi, ni kwa vile ukiukaza unacheza chini ya ngozi kama panya chini ya mkeka. Neno la pili ni mas, dume. Nalo likatiwa udogo uleule, likawa masculus. Kidume! Hapo Warumi na vijana wa mtaa wa Kisauni wanakutana, maana anayejiita kidume hajipunguzi hata kidogo. Maneno haya yamefanana mkia, ukoo ni mbali. Masculinize imetoka kwa huyo kidume. Ile -ize ya mwisho asili yake ni Kigiriki, ikapitia Kilatini na Kifaransa, na kazi yake ni kama -isha yetu: kufanya kitu kiwe hivyo. Basi maana ni kukipa kitu sifa za kiume. Misuli haimo.

Mtasema nabishania neno tu. Lakini fikirieni hili. Mwanamke anayejidunga homoni za kiume ili ajenge mwili anaweza kuota ndevu na sauti ikawa nzito, na sauti hiyo mara nyingi hairudi hata akiacha. Ukimwandikia "itakutia misuli", umemsifia dawa pale ulipotakiwa kumwonya. Mimi huandika "kupata sifa za kiume", kisha nazitaja moja moja. Anayetaka kitenzi kimoja kifupi aende kwingine.

Waliosoma chuoni huniuliza Kiarabu kinasemaje. Ni dhakkara: kukumbusha, na katika sarufi, kulifanya neno liwe la kiume. Herufi za mzizi ni zilezile za dhikri.

Kudumisha nako hakutokani na dume. Ni kudumu, kutoka Kiarabu, ndugu yake daima. Ukiombewa Mungu aidumishe ndoa yako, hukuombewa ndevu.

Na ngeli ya A-WA si ya kiume. Mke yumo, na mbuzi yumo.

Tangazo la kijana liko tayari. Akija kulichukua, bei ni ileile.