Meno yaliyosagika: kimo kwanza, kofia baadaye

Kofia ya kauri iliyowekwa juu ya gego lililosagika ikipasuka mapema, lawama huangukia kofia. Mara nyingi kosa ni la nafasi. Upande wa kutafunia, kofia nyingi za kauri huhitaji unene wa milimita 1.5 hadi 2, na jino lililobaki kisiki halina pa kuupata.

Nafasi hiyo imekwenda wapi? Jino linaposagika polepole, mfupa na fizi hulisindikiza kuelekea lile la taya la pili ili yaendelee kukutana. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na meno mafupi mno huku kimo chake, yaani urefu wa uso meno yakiwa yamefungwa, hakijapungua hata kidogo. Mwingine, aliyepoteza magego au aliyevaa meno bandia ya plastiki hadi yakalika, uso wake umeshuka kweli: kidevu kimesogea karibu na pua, mate yanatuama kwenye pembe za mdomo na ngozi inachanika. Hawa wawili hawatibiwi kwa namna moja.

Ndiyo maana daktari hupima uso kabla ya kugusa jino. Huweka alama mbili, puani na kidevuni, akapima umbali wake taya likiwa limepumzika, kisha meno yakiwa yamefungwa. Tofauti ya kawaida ni milimita 2 hadi 4. Kipimo hiki pekee hakitoshi, maana taya hupumzika tofauti mtu akiinua kichwa au akiwa na wasiwasi. Humwambia pia ahesabu “sitini na sita, sitini na saba”. Kwenye sauti ya “s” meno hukaribiana hadi kama milimita 1 bila kugusana. Yakigongana, kimo kimezidi.

Chanzo cha kusagika nacho hutafutwa mapema. Anayesaga meno usingizini huwa na sehemu bapa zinazong'aa, za juu zikilingana na za chini. Tindikali huacha vishimo, na vizibo vya zamani hubaki vimeinuka kama visiwa. Ikiwa meno ya mbele ya juu yamelika zaidi kwa nyuma, daktari ataulizia kiungulia au kutapika mara kwa mara. Chanzo kisipodhibitiwa, kazi mpya nayo italiwa.

Mapengo yana fujo yake. Jino lililokosa mwenzake hurefuka kuelekea pengo, na majirani hulalia upande huo. Huenda likahitaji kupunguzwa au kurudishwa kwa waya kabla ya daraja linaloshikwa na meno jirani, pandikizi la mfupani au meno bandia ya kuvua. Lakini si kila pengo la nyuma lazima lizibwe: wengi hutafuna vizuri wakiwa na jozi 10 za meno zinazokutana, yaani ya mbele na magego madogo.

Vielelezo vya plasta vya meno ya mgonjwa hufungwa kwenye kifaa kinachoiga mwendo wa taya, na meno mapya huchongwa kwanza kwa nta katika kimo kinachokusudiwa. Umbo hilo huhamishiwa mdomoni kwa kofia za muda au kwa vizibo vya rangi ya jino, likajaribiwa kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Kibao cha kuvaa na kuvua juu ya meno hakijibu vizuri swali la kama kimo kinafaa, kwa kuwa wengi hukivua wakati wa kula, na hapo ndipo jibu lilipo. Misuli ikichoka, maneno yakipotoka au meno yakigongana wakati wa kuongea, kimo hupunguzwa. Plastiki ni rahisi kuchonga kuliko kauri.

Kazi ya kudumu hukaguliwa kwa karatasi ya rangi: mgonjwa hufunga taratibu, pande zote mbili ziguse kwa wakati mmoja, kisha husogeza taya kushoto na kulia. Jino lililozidi hata unene wa unywele huhisiwa. Ila mdomo wenye ganzi hauaminiki, kwa hiyo usione ajabu ukiitwa siku nyingine kwa marekebisho.

Anayesaga meno hupewa kinga ngumu ya plastiki ya kulalia. Njoo nayo kila miadi hata kama huna malalamiko, kwa sababu mikwaruzo iliyo juu yake humwonyesha daktari ni jino lipi linabeba mzigo kuliko mengine.