Je, Wajua kwa Nini Daktari Bandia Huitwa kwa Mlio wa Bata?

Msomaji wa magazeti ya Kiingereza nchini Kenya hukutana mara kwa mara na neno "quack" likimtaja mtu anayetibu wenzake bila kusomea udaktari wala kuwa na leseni. Akilitafuta katika kamusi, hukuta kwamba neno hilo hilo ndilo mlio wa bata. Bata na daktari bandia wamekutania wapi?

Tuanze na bata. "Quack" ni tanakali ya sauti, kama lilivyo "nyau" katika Kiswahili, ambalo ni mlio wa paka na pia jina lake. Mshairi Mwingereza Chaucer, katika karne ya 14, aliandika kwamba bata hulia "quek quek", na umbo la leo likaja kuzoeleka baadaye. Anayelia hivyo hasa ni jike wa jamii ya bata waliotokana na bata mwitu wa kaskazini mwa dunia: huachia milio mikavu inayofuatana, ya mwanzo mikali, ya mwisho ikififia. Wengi wa bata wanaofugwa vijijini kwetu, wale wenye nyama nyekundu usoni, si wa jamii hiyo. Dume lao hutoa tu sauti kama ya pumzi inayobanwa kooni, na ndiyo maana mtu aliyekua nao huenda akashangaa Waingereza walisikia nini. Masikio nayo hutofautiana, kwa kuwa Mfaransa huandika mlio wa bata "coin-coin", Mdenmaki "rap rap" na Mturuki "vak vak".

Daktari bandia hakupewa jina na bata wa Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 16 Waingereza walichukua kwa Waholanzi neno refu, "quacksalver", ambalo kwa Kiholanzi cha leo ni "kwakzalver". Sehemu yake ya pili inatokana na neno lenye maana ya marhamu, dawa ya kupaka. Sehemu ya kwanza kwa kawaida huelezwa kuwa imetokana na "kwaken", kitenzi ambacho hadi leo Waholanzi hukitumia kwa kelele za bata na vyura, na ambacho zamani kilimhusu pia mtu mwenye maneno mengi na majigambo. Kwa hiyo "kwakzalver" ni mtu anayeipigia kelele marhamu yake. Yeyote aliyewahi kusimama stendi ya mabasi akamsikiliza muuza dawa mwenye kipaza sauti, akiapa kwamba chupa moja inatibu mgongo, vidonda vya tumbo na upungufu wa nguvu za kiume, anamfahamu mtu huyu bila kufundishwa Kiholanzi.

Katika karne ya 17 Waingereza walilifupisha neno: wakaikata marhamu, wakabaki na kelele. Ndipo likalingana kabisa na mlio wa bata, na kwa maoni yangu mlingano huo ndio uliolipa ukali, kwa sababu kila anayelitamka humsikia ndege ndani yake. Katika karne ya 18 alitajwa sana kwa jina hili Joshua Ward wa London, ambaye vidonge vyake, vilivyonunuliwa na maskini na matajiri, vilikuwa na antimoni, madini yenye sumu yanayotapisha. Hata hivyo alipata kibali cha Mfalme George II baada ya kumtibu kidole gumba.

Lugha nyingine za Ulaya zililibakiza neno likiwa zima: Wajerumani husema "Quacksalber" na Waswidi "kvacksalvare". Nchini Uholanzi kwenyewe, chama cha kupambana na utapeli wa tiba kilichoanzishwa mwaka 1881 kingali kinafanya kazi, na neno "kwakzalverij" limo katika jina lake. Nchini Kenya, kwa upande mwingine, neno fupi la Kiingereza limevuka mipaka ya zahanati. Ghorofa likiporomoka, magazeti humwita mjenzi asiye na sifa kwa jina hilo hilo la mlio wa bata.